Maji Kwanza, Wembe Baadaye

Kazi yangu ya ukarani hunifanya nizione nyuso nyingi za wanaume kwa karibu. Wanakuja kuandikisha ubatizo wa watoto, wanakuja kuchukua vyeti, na zaidi sana wanakuja mabwana arusi kutia sahihi katika kitabu cha ndoa. Si haba wanaofika na kidevu kilichochanwa, shingo imejaa vipele, na kijipande cha karatasi kimebandikwa shavuni kuzuia damu. Bibi arusi ametumia siku tatu kujitengeneza. Bwana arusi ametumia dakika tatu, nusu gizani, kwa wembe aliouazima na maji ya baridi.

Basi leo nataka kuwaandikia juu ya kunyoa ndevu. Ni jambo ambalo kila mwanamume hulifanya, wala sijaona mahali linapofundishwa. Akina mama mtanisamehe, lakini nanyi msilifunge gazeti, maana ninyi ndio mnaoficha wembe ili watoto wasiuchezee, na ninyi ndio mnaofua kola zenye damu.

Wembe wangu mimi ni ule wa zamani, wa kukunja, unaolala ndani ya mpini wake kama kisu cha mfukoni. Ulikuwa wa babu. Babu alikuwa seremala katika karakana ya misioni, na bruda mmoja Mjerumani alipokuwa akirudi kwao alimwachia wembe huo pamoja na randa mbili. Juu ya chuma chake limeandikwa jina la Solingen. Huo ni mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe, na tangu mwaka 1938 sheria ya nchi hiyo hukataza kutia jina hilo juu ya kitu kisichotengenezwa huko. Babu alinyoa kwa wembe huo hata uzeeni. Alipofariki ulikaa sandukuni miaka mingi, kisha baba akanipa mimi, kwa kuwa yeye alikwisha zoea nyembe ndogo za dukani, zile za makali mawili. Hizo nazo zina historia yake: ni mwaka 1904 Mmarekani King C. Gillette alipopewa hati ya uvumbuzi wake wa wembe mwembamba wa kutumia na kutupa. Tangu hapo wembe wa kukunja ukaanza kuwaachia watu kidogo kidogo, ukabaki kwa vinyozi na kwa watu wabishi kama mimi.

Labda mtasema: Karani anatuletea habari za chuma cha wazee, sisi tuna nyembe za madukani. Hapana. Nayaandika haya kwa sababu wembe wa kukunja ni mwalimu mkali. Wembe wa dukani husamehe haraka yako, nawe hujui kosa lako mpaka vipele vitokee siku ya tatu. Wembe wa kukunja haukungoji hata dakika moja. Na jambo la kwanza unalokufundisha ni kwamba kazi kubwa ya kunyoa hufanyika kabla wembe haujagusa uso.

Udevu mkavu ni mgumu. Ukikaa katika maji huyanywa, huvimba kidogo na kulainika, hata nguvu inayotakiwa kuukata hupungua sana. Lakini hapa ndipo watu wanapokosea: udevu haunywi maji mara moja. Kujimwagia kiganja cha maji na kuanza kukwangua ni sawa na kutonyesha ndevu kabisa. Zinataka dakika mbili au tatu. Tena usoni mna mafuta ya mwili, nayo huzuia maji yasipenye, kwa hiyo lazima uso uoshwe kwanza kwa sabuni na kusuuzwa.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, kila Jumatatu asubuhi tulipangwa mistari, na mwenye ndevu alitolewa nje. Vijana walikimbilia bombani wakajikwangua bila sabuni wala kioo. Kufikia Jumatano shingo zao zilikuwa kama embe lililochomwa na nzi. Walimu walitutaka tuwe nadhifu, na ni haki yao, lakini katika masomo yote tuliyofundishwa hakuna aliyetuambia habari za dakika hizo tatu za maji.

Mimi hufanya hivi. Huku kwetu nyandani, asubuhi za Juni na Julai ni baridi ya kuuma, basi mke wangu akibandika maji ya chai mimi naomba vikombe viwili vya ziada. Naosha uso kwa sabuni ya kuogea. Sabuni ya kufulia siitumii, maana ni kali na hukausha ngozi. Kisha nachovya taulo dogo katika maji ya moto kiasi cha kustahimilika mkononi, nalikamua, nalilaza juu ya mashavu na kidevu. Likipoa nalichovya tena. Wakati huo huo brashi yangu inalowa katika kikombe, kwa kuwa imetengenezwa kwa singa za nguruwe, nazo kama ndevu zataka kulowekwa ndipo zilainike. Maji yangu ni ya mvua, ya kukinga batini. Maji ya visima vingine yana chokaa nyingi, na sabuni ndani yake hufanya utando mweupe badala ya povu.

Sasa niwaambie habari za madawa. Nilipoanza kusifika hapa kijijini kuwa najua kunyoa, kila mtu aliniletea lake la kupaka kabla ya wembe, nami kwa udadisi nilijaribu mengi. Mafuta ya nyonyo yanafaa, lakini matone mawili au matatu tu, yasuguliwe katika ndevu zilizokwisha lowa. Ukizidisha, povu linakufa na wembe unajaa utelezi mchafu. Shubiri, ule mmea wenye majani manene ya miiba, nao ni mzuri: ute wake ulio katikati ya jani hutelezesha wembe na kupoza ngozi. Angalieni tu, chini ya ganda mna utomvu wa manjano unaowasha. Kata jani, lisimamishe mpaka utomvu huo uchuruzike wote, ndipo uchukue ule ute mweupe. Limau acheni kabisa. Huuma kwenye mikwaruzo, tena maji yake yakibaki usoni nawe ukatoka juani, yaweza kuunguza ngozi na kuacha madoa meusi ya majuma mengi. Maji ya majivu, waliyoyasifu wazee wengine, ni kweli hulainisha unywele, lakini huila na ngozi pia.

Kubwa kuliko yote lilikuwa la mzee mmoja jirani, fundi wa mizinga ya nyuki. Yeye aliniambia nipake maji ya bamia. Nilicheka, kisha nikachemsha bamia tano, nikachuja ule mrenda, nikaupaka chini ya povu. Jamani, wembe ulipita kama mtumbwi majini! Mke wangu alisimama mlangoni akauliza, “Baba Maria, leo wanyoa ndevu au wala ugali?” Sikuwa na jibu, maana mdomo ulikuwa umejaa povu. Siwezi kufanya hivyo kila siku, bamia ni mboga, lakini kwa mwenye ngozi inayochubuka upesi sioni dawa ya dukani inayoishinda. Hata hivyo hakuna mafuta wala ute uwezao kuchukua nafasi ya yale maji na zile dakika tatu. Nimejaribu bamia juu ya ndevu kavu, na haikusaidia kitu.

Wembe wenyewe nao huandaliwa. Nyuma ya mlango nimepigilia ukanda wa ngozi, mshipi wa zamani uliokatwa kifungo. Nauvuta ukaze, naulaza wembe, kisha nauburuta mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Mwisho wa ukanda naupindua juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali, narudi nao. Mara 30 hivi kwenda na kurudi. Makali ya wembe ni membamba mno, hupindapinda kwa kazi ya jana hata kama jicho halioni, na ngozi huyanyoosha. Jiwe la kunolea ni habari nyingine, na juu yake mwendo ni kinyume: makali hutangulia, na wembe hulala chapa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe. Jiwe latosha mara chache kwa mwaka. Anayenoa kila juma anaumaliza wembe wa wajukuu wake.

Wakati wa kunyoa, usiusimamishe wembe wala usiulaze kabisa. Mgongo wake uwe juu ya ngozi kiasi cha unene wa mgongo wenyewe mara mbili, yaani pembe ya digrii 30 hivi. Ukiusimamisha unakwangua, ukiulaza unang'oa. Mkono uwe mwepesi, uzito wa wembe wenyewe watosha. Na neno moja nataka vijana walishike kuliko yote: wembe uende mbele tu, usiende upande. Mnajua jinsi mama anavyokata nyama: haikandamizi kwa kisu, huvuta kisu kwa urefu wa makali, nayo nyama hufunguka. Wembe nao, ukiteleza upande kwa urefu wa makali yake hata nukta moja, hukata ngozi vivyo hivyo. Majeraha mengi ninayoyaona kwa mabwana arusi ni marefu na membamba, nami najua mkono uliteleza upande.

Anzeni na mashavu, kutoka sharafa kushuka chini. Kidevu na juu ya mdomo viwe vya mwisho, kwa sababu ndevu za hapo ni ngumu zaidi, na kadiri zinavyongoja ndani ya povu ndivyo zinavyolainika. Shingoni pitisheni kidole kwanza. Ndevu za shingo hazielekei upande mmoja, nyingine hushuka, nyingine hupanda, nyingine huzunguka karibu na koromeo. Fuateni zinakoelekea.

Hapa nina ugomvi kidogo na vitabu. Vitabu vya kunyoa vimeandikwa huko Ulaya tangu zamani, kwa watu wenye ndevu zilizonyooka. Husema: vuta ngozi ikaze sana, nyoa kufuata ndevu, paka povu tena, nyoa kwa kukingama, paka tena, nyoa kupandisha, mpaka shavu liwe kama la mtoto. Kwa ndevu zetu za kipilipili shauri hilo ni la kuleta msiba. Udevu uliojikunja, ukikatwa chini kabisa huku ngozi imevutwa, huzama ndani ngozi ikiachiwa, na ncha yake yenye makali huota ikirudi mwilini badala ya kutoka nje. Mwili huudhani ni mwiba, ukauvimbia. Hivyo ndivyo vilivyo vile vipele vya shingoni ambavyo watu hutupia lawama sabuni, au chakula, au jicho la jirani. Kwa hiyo mimi hushika ngozi tu ili isikunjamane, sivuti kwa nguvu, napita mara moja kufuata ndevu, basi. Nikijipapasa jioni nasikia mikwaruzo kidogo. Afadhali mikwaruzo ya jioni kuliko usaha wa Alhamisi. Naye aliyekwisha jaa vipele aache wembe mwezi mmoja, ndevu zitoke zenyewe. Nimewaambia hivyo vijana wawili wa kwaya yetu, wakaona haya kukaa na ndevu. Mmoja alivumilia, akapona. Wa pili bado anajikuna.

Ukimaliza, maji ya baridi. Kama pamechanika, jiwe la shabu lililoloweshwa husimamisha damu, ingawa huuma kidogo. Wembe usuuze, ukaushe kabisa, upake tone la mafuta ya cherehani, ndipo uukunje. Ukiufunga na maji utakuta kutu asubuhi. Kisha uweke juu, mahali asipofika mtoto hata akipanda kiti.

Sasa nafika kwenye jambo lililonisukuma kuandika. Wembe wangu ulishika umri wa babu, baba, na mimi, lakini kwa sasa ni wa uso mmoja tu. Simwazimi mtu, hata ndugu wa tumbo moja. Wengine wameniita mchoyo. Muuguzi wa zahanati yetu alinieleza kwamba virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata katika damu iliyokauka na isiyoonekana kwa macho. Virusi vya UKIMWI havistahimili nje kama hivyo, lakini wembe wenye damu mbichi ukitoka kwa mtu huyu na kuingia kwa huyu papo hapo, hatari ipo. Kuufuta kwa kitambaa si kuusafisha. Kuuchemsha dakika 20 kungefaa, lakini mpini wa pembe huharibika. Hata baba, ambaye mikono yake inatetemeka nami humnyoa kila Jumamosi, namnyoa kwa kishikio chenye wembe mpya wa dukani, uliokatwa katikati, nusu Jumamosi hii na nusu ijayo. Hata jiwe la shabu ana lake.

Nyumbani kwangu hilo ni rahisi. Msibani si rahisi. Katika ukoo wetu, siku ya kuondoa tanga wafiwa hunyolewa nywele. Miaka miwili iliyopita tulimzika baba mkubwa, na siku hiyo ilipofika nilimkuta baba mdogo ameketi chini ya mwembe na beseni moja la maji na wembe mmoja, watu zaidi ya thelathini wakingoja, wazee, wajane, na watoto wa shule. Sikusema neno mbele ya watu, maana haifai. Nilimwomba tukaenda nyuma ya ghala.

“Baba,” nikamwambia, “naomba kila mtu apewe wembe wake.”

Akanitazama. “Sisi ni damu moja. Tangu lini damu moja ikaogopana? Babu yako alitunyoa sote kwa wembe huo huo unaouficha wewe.”

“Ni kweli, baba. Lakini babu hakuyajua magonjwa haya, wala wewe hujui nani hapa anayo, wala yeye mwenyewe hajui. Mimi pia sijui kama ninayo. Watoto wadogo wa siku hizi huchanjwa homa ya ini, sisi watu wazima wengi hatukuchanjwa.”

Akanyamaza, kisha akauliza swali ambalo nadhani ndilo lililokuwa zito tangu mwanzo: “Na nani atanunua?”

Nikatoa mfukoni pakiti nane za nyembe za dukani, tano tano, nyembe 40 kwa jumla. Nilizinunua jana yake. Akazihesabu moja moja kama mweka hazina. Tukarudi mwembeni, naye akawatangazia watu, kwa sauti yake mwenyewe na kama shauri lake mwenyewe, kwamba mwaka huu kila mtu atanyolewa kwa wembe wake, na kila mtu aloweshe kichwa chake kwa maji safi ya mtungini, si ya beseni. Mimi nilikaa kimya nikamimina maji. Kila wembe uliotumika uliingia katika kopo, na kopo likatupwa chooni, mahali ambapo mtoto wala ng'ombe hatalikanyaga. Wembe mmoja tu haukuingia: bibi yangu mmoja aliufunga wake katika karatasi, akautia katika upindo wa khanga, akisema ni mali yake na ataufanyia kazi ya kufumulia mishono.

Mwezi uliopita kulitokea msiba kwa majirani, si katika ukoo wetu. Jioni baba mdogo alimtuma kijana ofisini kwangu, nami nilikuwa nafunga vitabu. “Mzee anauliza, karani umebakiza nyembe ngapi?” Nilifungua saraka, nikahesabu. Zilikuwa 11. Nilimpa zote, na fedha ya kuongeza pakiti mbili, nikamwambia amkumbushe mzee habari za maji: dakika tatu.